Chuma cha Samaki cha Mama Kenji

Enzi zetu samaki hakupanda mlima. Wenzangu mliokulia migombani huku juu ya mji mdogo wa Kwa Sadala mnajua ninachosema. Nyama tulikula, maziwa tulikunywa, ndizi ndiyo usiseme, lakini samaki aliishia tambarare kwa wenyewe. Bibi yangu mzaa baba alipokuwa bado anaona, akipita kwenye meza za dagaa sokoni Moshi alijiziba pua kwa ncha ya kanga. Ukimuuliza sababu anakujibu, "Kitu kisichofumba macho hata kikifa, mimi nikitie tumboni? Kitakuwa kinaniangalia humo ndani." Tulicheka, ila na sisi hatukula. Sisemi kwamba kila Mchaga alikuwa hivyo. Nasema ya kwa Bibi tu, na pengine hata kwetu wapo waliokula kwa siri.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na naandika haya kwenye daftari la mwanangu lililobaki kurasa. Nikikosea saa au siku mnisamehe. Lakini lile jambo lenyewe silikosei, maana nimelibeba zaidi ya miaka arobaini.

Nikumbushe kidogo maisha yenyewe. Tuliteleza mteremkoni tukiwa tumekalia maganda ya mgomba mpaka nguo inatoboka nyuma, ukifika nyumbani unatembea kinyumenyume ili Mama asione. Tulishindanisha majani kwenye mfongo, ule mfereji unaoleta maji mashambani kutoka msituni, na jani la mtu likikwama alilia kama amefiwa. Shuleni ulikwenda na kuni begani na kidumu cha maji mkononi, na ukichelewa viboko vilikusubiri bila haraka. Wanangu nikiwaambia wanasema, "Mama, sasa mlikuwa mnasoma saa ngapi?" Nao wana haki kuuliza. Sijui tulikuwa tunasoma saa ngapi.

Sasa, kile chuma. Mama yangu aliwahi kufua nguo mjini Moshi kwa familia ya Wajapani. Baba wa familia alikuwa fundi wa mifereji ya mashamba ya mpunga huko chini. Mkewe tulimwita Mama Kenji, kwa jina la mtoto wao. Siku za mvua kubwa, alipokumbuka kwao, Mama Kenji alitoa kabatini chuma kizito chenye mikono miwili mirefu, kinachofunguka kama kitabu. Ndani yake kumechongwa samaki wawili, kila mmoja na magamba yake, mkia wake na jicho la duara. Anamimina uji mzito wa ngano, anaweka katikati maharage mekundu yaliyopondwa na sukari, anamimina tena juu, anafunga, anageuza motoni. Wanatoka samaki wawili wa rangi ya asali, wamenona kwa maharage. Siku ya kuondoka nchini alimpa Mama chuma kile, akaweka mkono kifuani na kusema kwa Kiswahili chake kidogo, "Moyo mzito, pika hii."

Na Mama alifuata. Miaka ile sukari ilikuwa ya kupanga foleni, kwa hiyo samaki hawakupikwa ovyo. Walipikwa Baba alipochelewa kuandika barua kutoka Tanga, alikokuwa anafanya kazi. Walipikwa ndama alipokufa. Ukiona Mama ameloweka maharage mekundu peke yake, bila ndizi, ulijua kuna jambo, na ulijua pia kwamba jioni utakula kitu kitamu. Ule ukingo mwembamba wa ngano unaovuja pembeni ya chuma na kukauka tuligombania mpaka tukakwaruzana.

Bibi hakutaka kukiona. Yaani kukishika, maana wakati huo macho yake yalishaingia ukungu, aliona mwanga tu. Alikipapasa mara moja, kidole chake kikafika kwenye lile jicho la samaki, akakiachia kikaanguka. "Kiondoke kwenye moto wangu," alisema. Tangu siku hiyo kilikaa jikoni kwa Mama, kimetundikwa msumarini, na Mama alipopika samaki wake alifunga mlango. Walielewana hivyo, na hakuna aliyemtukana mwenzake.

Basi mwaka huo, mvua za masika, Bibi akaugua. Nilikuwa na miaka tisa, au kumi. Homa ilimshika, akaacha kula. Mama alipika mtori laini wa ndizi na nyama, ukarudi. Maziwa yakarudi. Hata kiburu, ndizi zilizosongwa na maharage, chakula alichokipenda kuliko vyote, kilirudi na kijiko kikiwa safi. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne alikuwa amelala ukutani kama kanga iliyoanikwa.

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa amekuja kumuuguza. Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu kwa miaka mingi nilimsimulia Shangazi kama mtu mbaya. Shangazi alilala chini kwenye ngozi, pembeni ya kitanda cha mama yake, kila usiku. Naye pia hakula. Kwa hiyo aliyoyasema asubuhi ya siku ya nne aliyasema kwa njaa na kwa woga. Lakini aliyasema.

Alisimama mbele ya Mama uani, mikono kiunoni. "Wifi, mama yangu hali chakula chako kwa sababu sufuria zako zimelala na samaki. Chuma kile ndicho kilichomfunga mdomo."

Mama akasema polepole, "Wifi, sufuria ninaziosha. Na samaki wenyewe ni ngano."

"Ngano yenye macho?"

Mama akainama kuokota beseni lake.

"Nakwenda kuita wazee wa ukoo," Shangazi akasema. "Saa kumi watakuwa hapa. Wakimkuta mama yangu bado hajala, wewe na chuma chako mtarudi kwenu Marangu. Watoto watabaki, ni wa ukoo huu."

Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti na mdogo wangu mgongoni. Niliposikia neno "watabaki" nilimkaza mdogo wangu kwa kanga. Wazee wangeweza kufanya hivyo au la, leo sijui. Nikifikiri kikubwa naona pengine wangemkanya tu Shangazi. Lakini mtoto hafikiri kikubwa. Mimi niliona Mama anashuka njia ya Kwa Sadala na beseni lake kichwani, harudi tena.

Na kweli alishuka, ila alikwenda kutafuta gari la kumpeleka Bibi hospitali. Akambeba na mdogo wangu mgongoni. Aliniachia Bibi na onyo moja, "Aika, mpe maji. Na usiguse moto." Shangazi akashika njia ya juu kuwafuata wazee. Nikabaki mimi, Bibi, ng'ombe na kuku.

Nikawaza hivi, na mniambie kama niliwaza vibaya. Bibi anapenda maharage. Mama akiwa na moyo mzito anapika samaki. Bibi ana moyo mzito. Asichokitaka Bibi ni samaki, yaani magamba, mkia na jicho. Ndani ni maharage matupu. Nikivitoa vile, si atabaki mkate tu?

Maharage yaliyopikwa yalikuwepo, ya kiburu cha jana. Nikayachagua kutoka kwenye ndizi moja moja, nikayaponda kwa mwiko. Nikapanda juu ya kigoda, nikashusha kopo la sukari lililofichwa nyuma ya Biblia, nikamimina yote. Ngano, yai, maziwa. Chuma nikakipaka siagi kwa kipande cha jani la mgomba, kama Mama. Kilikuwa kizito, nikakigeuza kwa mikono miwili. Samaki wawili wa kwanza niliwaunguza wakawa makaa.

Wawili wa pili walitoka vizuri. Kivuli cha mgomba kilikuwa kimeshafika kwenye banda la kuku, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu: kikifika mlangoni kwa Bibi ni saa kumi. Nikachukua kisu nikakata mkia wa mmoja. Sawa. Nikakwangua magamba. Sawa. Nikakata kichwa, maharage yote yakamwagika kwenye majivu.

Nililia hapo, sifichi. Kichwa na mikia nikawatupia kuku, maana mkia wa pili nilishaukata. Akabaki samaki mmoja, na kichwa chake siwezi kukitoa. Nikamkwangua magamba. Jicho lilibaki limesimama, gumu, kama kishikizo cha shati, upande huu na upande ule. Na ngano ilishaanza kukauka. Nikamrudisha ndani ya chuma apate moto, alainike. Nikakifungua kikiwa bado juu ya makaa, nikabonyeza jicho kwa kidole gumba. Likazama. Nikamgeuza, nikabonyeza la pili, na safari hii kidole kikateleza kikakutana na chuma chenyewe. Sikupiga kelele. Nilikitia kidole mdomoni, nikamweka samaki kwenye sahani ya bati, nikavuka uani.

Nyumba ya Bibi ilikuwa na giza na harufu ya ng'ombe na moshi. Tulizungumza Kichaga, mimi naandika Kiswahili ili tuelewane sote.

"Nani huyo?"

"Ni mimi Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kama ni mtori, mpe paka."

"Si mtori Bibi. Ni mkate. Ndani kuna maharage."

"Maharage ndani ya mkate? Nani kakufundisha uchawi huo?"

Alinyoosha mkono, nikamwekea. Wenzangu, nimewahi kungoja matokeo ya hospitali, nimewahi kungoja mtoto aliyechelewa njiani, lakini sijawahi kungoja kama nilivyongoja kile kidole cha Bibi. Kilianza pale mkia ulipokatwa. Kikapanda mgongoni nilipokwangua magamba, kikasimama, kikaendelea. Kikafika kichwani. Kikaingia kwenye lile shimo dogo nililobonyeza, kikakaa humo. Alimgeuza, akatafuta upande wa pili, akapata shimo la pili.

"Lete mkono wako," akasema.

Nikampa wa kushoto.

"Huo mwingine."

Akashika kidole changu gumba. Kilikuwa kimeshavimba kama zabibu.

"Kimefanya nini?"

"Nimeungua Bibi."

"Kwa moto wa wapi?"

"Wa jikoni."

Alinishikilia kidole muda ambao mimi niliuona mrefu, pengine ulikuwa mfupi. Halafu akakiachia, akamega kipande, akatia mdomoni. Akatafuna. Akamega kingine.

Hapo nikasikia sauti uani. Kivuli kilikuwa kimefika. Nilichungulia mlangoni nikaona Shangazi anaingia na wazee wawili wa ukoo, fimbo na makoti. Na wakati huohuo, kutoka nyuma ya banda, kuku jike mwekundu akatoka mbio na mkia wa samaki mdomoni, mkia mzima, umepanuka kama kipepeo, wenzake saba wanamfukuza. Akapita katikati ya miguu ya wazee. Wazee walikuwa wanaangalia mlango. Shangazi alikuwa anaangalia kuku. Nilimwona anavyomwangalia, tangu uani mpaka alipoingia kwenye migomba. Halafu akaniangalia mimi.

Akaingia ndani. "Mama! Unakula?"

"Huoni?"

"Unakula nini?"

Nilishika mguu wa kitanda.

"Maharage ya mjukuu wangu," Bibi akasema, mdomo umejaa. "Na wewe umeniletea wageni sijafunga hata kilemba. Ndiyo adabu niliyokufundisha?"

Mzee mmoja akacheka akasema mgonjwa anayegomba hafi leo. Wakakaa, wakapewa mbege, pombe yetu ya ndizi, wakazungumza habari za mvua na kahawa. Shangazi hakusema lolote kuhusu chuma. Mama akafika na gari la kuazima, Bibi akateremshwa hospitali, akachomwa sindano, akarudi baada ya wiki. Aliishi mpaka msimu wa kuchuma kahawa wa mwaka ule. Alikufa usingizini, kwa uzee, wala si kwa samaki.

Lakini mimi nilibaki na langu. Nilikuwa nimemlisha mzee kipofu kitu alichokikataa maisha yake yote, kwa kumdanganya. Siku za kwanza nilifurahi kwamba Mama amebaki. Halafu Jumapili tukafundishwa kuwaheshimu wazazi, nikaanza kukosa usingizi. Siku moja nikakata jani la isale. Wa kwetu mnajua: ukimkosea mtu, unampelekea isale, na akilipokea amekusamehe. Si jani la mchezo, na watoto tulichapwa tukilichezea. Nikasimama nalo mlangoni kwa Bibi. Ndani nikasikia anazungumza na Shangazi kwa sauti ya chini. Nikaogopa. Nikalificha ndani ya daftari la hesabu, nikasema kesho. Kesho ikaja na nyingine, mpaka siku tuliyomzika. Jani lilikauka likavunjika.

Mama naye alishatangulia, na Baba. Chuma nilirithi mimi. Hakuna aliyekigombania. Mikono yake nimebadilisha mara mbili, lakini samaki ni walewale. Moyo ukiwa mzito naloweka maharage. Binti yangu Neema amewaona samaki kama hawa kwenye simu, akaniambia wana jina lao la Kijapani na mjini wanawatia chokoleti. Alinipikia wa chokoleti. Nilikula, nilisema ni watamu, na nikisema kweli walikuwa watamu. Ila baada ya kula moyo ulikuwa palepale. Tena kabla ya kuwala tulingoja awapige picha mpaka wakapoa. Sisi tungepigwa picha tukiwa tayari tumemeza.

Masika ya mwaka huu Shangazi ameugua. Ana umri mkubwa sana sasa, watoto wake wako Dar, namuuguza mimi hapahapa kihambani, kwenye shamba la ukoo. Na yeye akaacha kula. Mtori ukarudi. Siku ya tatu nikaona nimeshawahi kuziishi siku hizi. Nikaloweka maharage.

Nikiwa napika niliamua. Katika waliokuwepo uani siku ile amebaki yeye tu, na ni binti wa Bibi. Kama kuna mtu wa kupokea isale ni yeye. Nikakata jani nikaliweka kwenye sahani, samaki juu yake. Na sijui kwa nini, mazoea tu ya miaka yote, nikawa nimemkata mkia, nimemkwangua magamba, nimembonyeza macho.

"Shangazi, shikamoo. Nimekuletea kitu."

"Marahaba." Akaangalia sahani kwa muda. Macho yake yeye ni mazima. "Isale la nani?"

Nikamwambia yote. Kopo la sukari, kisu, kidole. Nikamwambia, "Nilimlisha Bibi samaki bila yeye kujua. Nakuomba msamaha kwa niaba yake."

Shangazi alicheka, kicheko cha kikohozi. "Bila kujua? Aika, na darasa la saba lako lote! Mimi nilimwona kuku."

"Najua ulimwona."

"Basi jioni ile, wazee walipoondoka na gari halijafika, nikamwambia, Mama, umekula samaki wa chuma kile. Nilitaka aape kwamba hajui, kesho yake nimfukuze mama yako. Unajua alinijibu nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Alisema, 'Najua nilichokula. Yule mtoto ameunguza kidole akimfumba samaki macho kwa ajili yangu. Hajawahi mtu kunifanyia hivyo. Ukimgusa mama yake, usinizike.'"

Nilikaa chini. Nje mvua ilikuwa inapiga bati, kuku wamejikunyata barazani.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Miaka yote hii?"

Akaivuta sahani karibu. "Ningekuambia, ningekuambia na la kwangu. Nilitaka kumtenga mama na watoto wake." Akalitoa lile jani chini ya samaki, akalifuta mafuta kwa kanga yake, akaniwekea mimi mapajani. Nikalipokea. Ndipo akamega kichwa, akala.

Alikula nusu, sitaki kuongeza chumvi. Nusu ya pili alisema ya kesho.

Jana nilikuwa barazani jioni. Siku hizi samaki anapanda mlima. Perege wanakuja kwa bodaboda kutoka tambarare, wamelala kwenye ndoo, kijana anapiga honi, "Samaki! Samaki freshi!" na akina mama wa rika la Neema wanatoka na sufuria. Si vibaya, na mimi mwenyewe nimenunua, watoto wana afya kuliko sisi. Nilimwangalia Neema akichagua wake, anawageuza huku na huku, na mimi kidole gumba kikaanza kuniwasha pale kwenye kovu. Wamejaa kwenye ndoo, macho yamewatoka, wanaangalia juu mlimani. Hakuna tena wa kuwafumba macho.